Kiti cha Zamu: Kutoka Lushoto hadi Baraza la Usalama

Wakati wa ukoloni wa Wajerumani mji wa Lushoto uliitwa Wilhelmstal. Namibia nayo ilikuwa koloni la Wajerumani hao hao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi hizi mbili hazikurudishwa kwa wenyewe. Zilikabidhiwa walezi wapya: Tanganyika kwa Mwingereza, Namibia kwa Kaburu wa Afrika Kusini.

Mwaka 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Kaburu alikataa kuiweka Namibia humo. Katika Baraza hilo Mwingereza alikuwa na kiti. Mkulima wa Mlalo, aliyelazimishwa kuchimba matuta katika miaka ya 1950, hakuwa nacho. Yeye alikuwa mada ya kikao, si mjumbe. Hata Mwalimu Nyerere, alipokwenda New York Machi 1955 kwa niaba ya TANU, alikwenda kutoa maombi, si kupiga kura.

Mwaka 1974 Tanzania huru ilichaguliwa kuingia Baraza la Usalama kwa miaka ya 1975 na 1976. Je, kiti kile kilikuwa cha nani?

Katika milima ya Usambara maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Anayefungulia maji leo hakuuchimba mfereji peke yake, na kesho atampisha mwenzake. Kiti kile kilikuwa hivyo. Umoja wa nchi za Afrika na Asia ndio uliodai, mwaka 1963, Baraza lipanuliwe kutoka wajumbe 11 hadi 15. Tena ikawa desturi nchi za Afrika kuafikiana kwanza ni nani asimame, ndipo ziwaombe marafiki kura. Basi aliyekalia kiti alikuwa na deni kwa waliomweka.

Mtu anaweza kuuliza: kiti kisicho na kura ya turufu kina faida gani? Tarehe 6 Juni 1975 Marekani, Uingereza na Ufaransa zilitumia turufu kuzuia vikwazo vya silaha dhidi ya Afrika Kusini kwa ajili ya Namibia. Lakini Januari 1976, zamu ya uenyekiti ilipomfikia Balozi Salim Ahmed Salim, Baraza lilipitisha kwa kauli moja, tarehe 30, azimio namba 385: uchaguzi huru Namibia chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Oktoba mwaka huo turufu tatu zilipigwa tena.

Azimio halikuikomboa Namibia. Wananamibia wenyewe walipigana. Lakini mwaka 1989 walipiga kura chini ya usimamizi ule uliodaiwa, na tarehe 21 Machi 1990 wakawa huru.

Somo ni hili: kiti cha kimataifa si pambo la taifa. Ni zamu ya kuwafungulia maji wale ambao mfereji haujawafikia.