Kodi za Pumwani, Hisa za Stanley

Mwaka 1950 Ernest Vasey, Mwingereza aliyewahi kuwa meya wa Nairobi, aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti kuhusu makazi ya Waafrika mijini. Muda si mrefu akawa waziri wa fedha. Ni kwake alikokwenda Francis Drummond, dalali wa majumba aliyefungua kampuni ya kwanza ya uwakala wa hisa mjini mwaka 1951, akiwa na wazo la soko la hisa la Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1920 hisa zilikuwa zikibadilishana mikono kwa ahadi za mdomo tu, waungwana wakinywa chai katika hoteli ya Stanley. Soko likasajiliwa mwaka 1954. Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kununua wala kuuza humo mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963.

Kwa hiyo mtu mmoja alishika faili mbili: moja ya mahali Mwafrika atalala, nyingine ya mahali Mzungu ataweka akiba yake. Faili hizo hazikukutana, na matokeo yake yanaonekana ukitembea kutoka Majengo kuelekea mashariki.

Majengo ndiyo Pumwani ya zamani, iliyopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika waliokuwa wametapakaa katika vijiji kama Pangani na Maskini. Serikali ilitoa kiwanja, mwenyewe akajenga. Nyumba chache za enzi hizo zilizosalia zinajieleza zenyewe: mlango wa mbele, ukumbi mrefu unaopasua katikati mpaka uani, vyumba kushoto na kulia, kila mlango na kufuli lake. Ni nyumba ya pwani iliyopandishwa bara ikawekwa kazini. Chumba kimoja cha mwenyewe, vingine vyote vinalipa kodi.

Na mwenyewe mara nyingi alikuwa mwanamke. Janet Bujra, aliyechunguza historia ya mtaa huu, aliwaona wanawake hao kuwa wajasiriamali wa mwanzo wa Nairobi. Luise White katika kitabu chake cha mwaka 1990 akaeleza bila haya fedha za kujengea zilitoka wapi: chakula, pombe, na umalaya. Watu wazima wa Majengo hawapendi sana kuulizwa habari hiyo, na sioni sababu ya kuwasumbua. Linalonivutia ni hesabu. Mama aliyekuwa na vyumba sita alijua nani analipwa kwa wiki na nani kwa mwezi, chumba kikikaa kitupu kinamgharimu nini, na kwa nini ukaribu na reli na soko unaongeza bei. Mwaka 1934 Benjamin Graham na David Dodd walichapisha New York kitabu kizito cha kuwafundisha Wamarekani kutazama mapato ya mali kabla ya kutazama bei yake. Huku Pumwani somo hilo lilikuwa limekwisha kueleweka bila kitabu.

Walichokosa ni hati. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ilibomolewa, na wenye nyumba wake wakapewa nafasi Shauri Moyo kwa sharti kwamba haki yao inakoma wanapokufa. Hawakuweza kurithisha. Thamani ya kitegauchumi chochote ni mapato yake ya siku zijazo, yakipunguzwa kwa kadiri ya muda na hatari. Ukiamua kwamba siku zijazo zinaishia kaburini mwa mwenyewe, umemnyang'anya sehemu kubwa ya mali hata kama umemwachia ufunguo.

Machi 1952 kijana wa Chicago, Harry Markowitz, alichapisha makala fupi iliyokuja kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Alisema usiipime mali peke yake, ipime pamoja na mali nyingine ulizo nazo. Mali mbili zenye hatari zikiwa haziumwi siku moja, zinapunguziana maumivu. Zikiwa zinaumwa pamoja, wingi wake haukusaidii kitu. Oktoba mwaka huo huo Kenya ikatangaziwa hali ya hatari. Aprili 1954, mwaka ule ule wa kusajiliwa kwa soko la hisa, jeshi likaizingira mitaa ya mashariki katika Operesheni Anvil na kuwazoa maelfu ya Wakikuyu kuwapeleka kizuizini. Nyumba iliyopangishwa kwa watu wa kabila moja ingeweza kubaki tupu kati ya asubuhi na jioni. Wapangaji sita walikuwa mpangaji mmoja.

Muthurwa, karibu na stesheni, somo hilo lilirudi likivaa suti. Mtaa huo na ule wa Makongeni ilijengwa na shirika la reli kwa wafanyakazi wake. Mwaka 2006 ilikabidhiwa mfuko wa pensheni wa wastaafu wa reli, ambao karibu mali yake yote ikawa ardhi na majumba. Kanuni za mamlaka ya mafao ya uzeeni zinaweka kikomo cha asilimia 30 kwa mali ya aina hiyo, na sababu iko wazi: mstaafu anataka shilingi kila mwisho wa mwezi, na huwezi kukata robo ya ukuta ukampelekea. Mfuko ukajaribu kuwaondoa wakazi wa Muthurwa mwaka 2010, wakazi wakaenda mahakamani, na Agosti 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa. Sioni mwovu rahisi katika kisa hiki. Mzee wa reli anayesubiri pensheni na mzee wa reli anayeogopa kufukuzwa wangeweza kuwa ndugu.

Buruburu nitaipita haraka. Ilijengwa tangu miaka ya 1970 kwa fedha za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola na mikopo ya kampuni ya fedha za nyumba ya HFCK, kwa ajili ya watu wenye hati ya mshahara. Waliolipa mkopo mpaka mwisho wakati mfumuko wa bei ukipanda walifaidi kuliko walivyotarajia. Wengine wakapandisha maduka na vyumba mbele ya geti, na leo bustani za ramani ya mwanzo ni za kutafuta.

Dandora ndiko mambo yalikoanza upya. Mwaka 1975 Benki ya Dunia iliikopesha Kenya fedha za kupima ploti 6,000 zenye maji, choo na bafu, wagawiwe watu wa kipato cha chini, nao wajenge vilivyobaki polepole. Walijenga, kisha wakapangisha. Mantiki ilikuwa ile ile ya ukumbi wa Pumwani, ila safari hii ikiwa na karatasi mkononi. Kutoka hapo ikaenea Umoja Innercore, Huruma na Pipeline, ikapanda ghorofa saba na nane, na vyumba vya futi kumi kwa kumi. Ukutani utasoma bango la chumba kitupu, na hatua chache mbele, kwa rangi nyekundu, "Ploti hii haiuzwi".

Tufanye hesabu ya jengo la mfano. Ardhi na ujenzi shilingi milioni 20, vyumba 40, kila kimoja 5,000 kwa mwezi. Hizo ni milioni 2.4 kwa mwaka, asilimia 12, na hapo ndipo watu wengi wanapofunga daftari. Toa chumba kimoja katika kumi kwa ajili ya utupu na wanaohama usiku. Toa kodi ya serikali ya asilimia 7.5. Toa mshahara wa mtunza jengo, maji, taka na marekebisho, tuseme laki tatu. Inabaki kama milioni 1.7, yaani asilimia 8.5. Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi, na kiwango cha chini cha kununua kilikuwa laki moja. Ni kweli ardhi hupanda bei, na bondi haipandi ghorofa. Lakini bondi pia haiporomoki. Huruma, Aprili 2016, jengo la ghorofa sita liliwaangukia watu wakati wa mvua, wakafa zaidi ya 40.

Na vyumba 40 si vitegauchumi 40. Wapangaji wa Pipeline wengi wanaamkia viwanda vile vile vya Industrial Area. Viwanda vilipotikisika mwaka 2020 kwa sababu ya korona, milango yote ya korido iliyumba pamoja. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipowaka Mathare, kuna wenye nyumba waliopoteza kodi na nyumba zenyewe.

Mtu wa Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki, alijaribu pia upande wa pili, ule wa hisa. Hisa za KenGen ziliuzwa kwa shilingi 11.90 mwaka 2006 na siku ya kwanza sokoni zikapanda zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo Safaricom ilipokuja na hisa za shilingi 5 mwaka 2008, watu walipanga foleni, wengine kwa mikopo ya benki. Maombi yalizidi kiasi, mnunuzi mdogo akapata kama sehemu moja ya tano ya alichoomba, na riba ya mkopo wote ikamngoja. Mapema mwaka 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Katikati ya hayo kampuni za uwakala wa hisa zilikuwa zikianguka: Francis Thuo mwaka 2007, Nyaga mwaka 2008, Discount Securities mwaka 2009. Aliyeuza kwa hasira alirudi kwenye mawe na saruji. Mwaka 2021 hisa ile ile ilipita shilingi 40, na miaka miwili baadaye ikawa chini ya 15. Mwenye kuvumilia alifaidi gawio. Aliyenunua kileleni aliachwa akiuguza kidonda.

Bibi wa Pumwani hakuwa na pa kwenda. Sheria ilimfungia Stanley, na vyumba vyake sita vilikuwa uamuzi wa busara kabisa kwa mtu aliyeachiwa mlango mmoja. Mjukuu wake hana udhuru huo: bondi ya M-Akiba ilipozinduliwa mwaka 2017 ilianzia shilingi 3,000, tena kwa simu. Mjukuu akirundika kila kitu kwenye ploti za mtaa mmoja leo, anachagua.

Kama chama chenu kinakutana Jumapili kujadili ploti ya tatu kule Ruai, mwombeni mweka hazina aandike jambo moja kabla ya kura kupigwa: mvua ikinyesha mwezi mzima, viwanda vikifungwa na uchaguzi ukiwa na vurugu, ni mali zipi za chama zitaendelea kulipa? Jibu likiwa hakuna, msinunue ploti ya tatu.