Waldi, Mbwa wa Kuingia Shimoni

Mtu anayeingia kwetu Ntinda kwa mara ya kwanza huuliza swali lilelile: huyu mbwa alikatwa miguu? Waldi ni mrefu kama benchi na mfupi kama kigoda, lakini akibweka, mgeni aliye nje ya geti hudhani ndani kuna mbwa mkubwa wa polisi. Alikuja kwetu mwaka 2018 akiwa na miaka miwili. Shangazi yangu alikuwa akifanya kazi ya nyumbani kwa familia ya Wajerumani huko Kololo. Mkataba wa baba mwenye nyumba ulipokwisha wakaondoka, wakamwachia shangazi mbwa, bakuli lake na jina lake. Maelezo ya namna ya kumtunza hawakuacha. Insha hii ndiyo maelezo hayo. Yamechelewa, na nimeyatafuta kwa njia pekee ninayoijua, yaani historia.

Kampala mbwa ana kazi. Hushinda amefungwa, hufunguliwa usiku, hula posho na mabaki ya mukene. Babu alimpokea Waldi kwa masharti hayo. "Mbwa ni askari," alisema, "na askari halali kwenye kochi." Babu alikuwa polisi, na Kiswahili chake, ambacho ndicho alichonirithisha, ni cha kambini: kifupi na cha amri. Basi Waldi akafungwa mnyororo karibu na geti. Usiku alipofunguliwa alibwekea kila bodaboda iliyopita, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amechimba shimo chini ya ukuta hadi kwa jirani. Akiitwa, alitutazama, akafikiri kidogo, akaendelea na shughuli zake. Tulimwita mkaidi. Babu alimpa jina baya zaidi, ambalo siwezi kuliandika hapa.

Wajerumani huandika Dachshund. Mimi nitaandika dakshundi. "Hund" ni mbwa, na "Dachs" ni mnyama wa Ulaya anayefanana na nyegere wetu: ana kucha ndefu, meno makali, na hukaa kwenye mashimo marefu ardhini. Wawindaji wa Ujerumani walizalisha kwa karne kadhaa mbwa mwembamba wa kuweza kumfuata mnyama huyo ndani ya shimo lake. Mwaka 1879 sifa za aina hiyo ziliandikwa rasmi, na mwaka 1888 chama cha wafugaji wake kikaanzishwa Berlin. Hebu fikiria kazi yenyewe. Mbwa yuko gizani, chini ya ardhi, mbele yake adui, nyuma yake hakuna bwana wa kumpa amri. Mbwa anayesubiri kuambiwa la kufanya angekufa humo. Alihitajika anayeamua mwenyewe, anayechimba bila kuchoka, asiyerudi nyuma, na mwenye sauti nzito ili mwindaji aliye juu asikie mahali pa kupiga jembe.

Hapo nilikumbuka jambo la nyumbani. Katika Buganda kuna ukoo wa Mbwa, na mwiko wake wa pili ni kile chuma kinacholia kinachofungwa kwa mbwa wakati wa kuwinda. Mbwa wa uwindaji wa Afrika ya kati wengi hawana mazoea ya kubweka, kwa hiyo mwindaji aliwasikiliza kwa njuga. Shida ilikuwa moja, kumjua mbwa alipo wakati humwoni. Wazee wetu waliitatua kwa mhunzi, Wajerumani wakaitatua kwa koo la mbwa. Sisi tulilileta koo hilo getini Ntinda, kisha tukalalamika kwamba linapiga kelele.

Kwa hiyo tabia ya Waldi si utovu wa adabu. Ni mpole kwa watu wa nyumbani, humfuata shangazi jikoni na chooni, na usiku hutaka kulala chini ya blanketi, maana hata blanketi kwake ni shimo. Lakini mgeni humshuku. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliowauliza maelfu ya wamiliki wa mbwa, uliwaweka dakshundi miongoni mwa aina zinazoongoza kwa ukali kwa wageni na kwa mbwa wengine. Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao, na akiwa anakula asiguswe. Asipozoeshwa watu tangu mchanga, atauma. Tena ukimpiga atazidi. Aliyeumbwa kupigana na mnyama mwenye kucha kama zile hatishwi na kandambili.

Kuhusu miguu nilijifunza kwa gharama. Mwaka 2009 watafiti waligundua kwamba miguu mifupi ya mbwa wa namna hii inatokana na nakala ya ziada ya jeni moja, na baadaye nakala nyingine inayohusiana nayo ikaonekana kuchakaza mapema vile vigegedu laini vinavyokaa kati ya pingili za uti wa mgongo. Karibu dakshundi mmoja kati ya wanne au watano hupata tatizo la mgongo maishani mwake. Mimi sikulijua hilo mwaka 2021. Shule za Uganda zilikuwa zimefungwa, tumekaa nyumbani miezi na miezi, na Waldi alikuwa ndiyo sinema yetu. Nilimfundisha kuruka kutoka ukuta wa baraza kufuata kipande cha chapati. Majirani walicheka juu ya ukuta. Alikuwa amenenepa pia, kwa sababu kila mtu alikuwa nyumbani na kila mtu alimtupia posho. Siku moja aliruka, akalia mara moja, na miguu ya nyuma ikabaki chini kama matambara.

Daktari wa mifugo alisema akae kwenye boksi wiki sita, asitembee ila kwa kubebwa kwenda kukojoa, na abebwe kwa mikono miwili, mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, mgongo ukiwa sawa. Aliongeza kwamba huenda asisimame tena. Nilimbeba mimi. Sikumwambia mtu habari ya chapati hadi wiki ya tatu, na niliyemwambia ni babu. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Uliruka wewe?"

Wiki ya tano alisimama. Hutembea upande hadi leo.

Mwaka jana, nikiandaa kazi ya darasa kuhusu John Akii-Bua, nilifungua kitabu cha Michezo ya Olimpiki ya Munich ya 1972 nikamwona Waldi. Mbwa wetu kabisa, ila wa mistari ya rangi. Alikuwa nembo rasmi ya michezo ile, ya kwanza katika Olimpiki ya kiangazi, na hata njia ya marathoni ilichorwa ifuate umbo lake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza na Wamarekani waliwachora dakshundi kama mfano wa Ujerumani yenyewe, na kuonekana na mbwa huyo njiani kulileta matusi. Sasa Ujerumani Magharibi ilitaka kuonyesha sura ya upole, ikamchagua mbwa huyohuyo. Sifa zilizotajwa za kumchagua ni ustahimilivu, kutokata tamaa na wepesi. Nilicheka peke yangu maktabani. Zile mbili za kwanza sisi tulikuwa tunaziita ukaidi.

Katika michezo hiyo, tarehe 2 Septemba, Akii-Bua, polisi wa Uganda, alikimbia mita 400 kuruka viunzi katika njia ya kwanza ya ndani, ambayo ina kona kali kuliko zote, akamaliza kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya 48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda, katika mwaka ambao Amin alikuwa akiwafukuza Waasia na askari wengi Walango na Waacholi walikuwa wameuawa. Akii-Bua alikuwa Mlango. Babu ni Mlango pia, na wakati huo alikuwa kijana wa kambini Naguru. Anasema siku ile walishangilia kwa sauti, kisha wakanyamaza haraka.

Nilipomwonyesha picha ya yule mbwa wa mistari aliishika muda mrefu. Jioni ile alitoa mnyororo getini akautundika stoo. Wiki iliyofuata alipigilia mbao tatu zikawa ngazi fupi ya kupandia kochi, ili Waldi asiruke. Shangazi humpima chakula kwa kikombe, nyama kidogo na wali, bila mafuta. Mimi hukagua tumbo lake kila jioni, kwa kuwa tumbo lililo karibu hivyo na majani huokota kupe, na kwenye udongo wenye unyevu huingiwa na mabuu ya nzi chini ya ngozi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hupewa kila mwaka. Kufungwa shingoni tumeacha. Tukitoka naye huvaa mkanda wa kifuani.

Kuchimba hajaacha. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, babu amempa kipande cha ardhi laini, na majirani wakiuliza mbona mbwa anaharibu shamba, hujibu kwa Kiswahili chake cha kambini kwamba yuko kazini.