Raia wa Gettysburg

Neno raia lina maana mbili katika Kiswahili: mtu asiye askari, na mtu mwenye haki ya nchi. Sikuwahi kupata taabu nalo mpaka nilipotaka kuandika habari za Gettysburg, mji wa Pennsylvania wenye watu 2,400 hivi, ambako majeshi ya Kaskazini na ya Kusini ya Marekani yalipigana kwa siku tatu, Julai 1863.

Kwa Elizabeth Thorn sikusita. Mumewe, mtunza makaburi ya mji, alikuwa vitani kwingine, naye akaishika kazi yake. Majeshi yalipoondoka, mama huyu mwenye mimba ya miezi sita alichimba pamoja na baba yake mzee makaburi yapatayo 100, katika joto la kiangazi na uvundo wa maiti za watu na farasi. Vibarua walioletwa kumsaidia hawakustahimili, waliondoka.

Kalamu ilisita kwa Basil Biggs. Alikuwa mkulima Mweusi, mtu huru, aliyehama Maryland ili wanawe wapate shule. Majeshi ya Kusini yalipoingia Pennsylvania yaliwakamata Weusi, wakiwamo waliozaliwa huru, yakawaswaga utumwani. Biggs akakimbia. Je, msomaji, nimwite raia? Bunduki hakubeba. Lakini mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuhukumu kwamba Weusi wenye asili ya utumwa, wawe huru au wasiwe, hawawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Basi alikuwa raia asiye raia. Katika Kiingereza fumbo hili halionekani, kwa kuwa kila maana ina neno lake. Kiswahili ndicho kilichonisimamisha.

Aliporudi alikuta nyumba yake imegeuzwa hospitali ya majeruhi. Kuanzia Oktoba, yeye na wenziwe Weusi walifukua maiti zaidi ya 3,000 za askari wa Kaskazini, wakazipeleka kwenye makaburi mapya ya taifa, yale ambayo Lincoln aliyahutubia tarehe 19 Novemba.

Uraia aliupata mwaka 1868, katiba ilipobadilishwa. Alifariki mwaka 1906. Hakuzikwa karibu na wale aliowahamisha. Yupo katika makaburi ya Weusi, kwingine mjini, pamoja na askari Weusi 30 hivi waliopigania jeshi lile lile la Kaskazini.