Gesi Iliyotoka Kwenye Baruti Ikafika Wodi ya Malaria

Mtoto akifikishwa hospitali ya Nyamiaga, wilayani Ngara, akiwa hajitambui, waliomleta husema malaria imempanda kichwani. Ndani ya mwili wake, seli nyekundu zenye vimelea zimenata kwenye kuta za mishipa myembamba ya ubongo. Nyingine zimepasuka na kumwaga himoglobini yake kwenye majimaji ya damu, na himoglobini hiyo hunyakua gesi ambayo mishipa huihitaji ili ilegee na kupitisha damu. Gesi hiyo ni oksidi ya nitriki.

Historia yake inaanzia mbali na malaria. Mwaka 1847 Ascanio Sobrero wa Italia alitengeneza nitrogliserini, na miaka 20 baadaye Alfred Nobel akaifanya baruti ya kupasulia miamba. Mwaka 1879 William Murrell, daktari wa London, aliandika jinsi alivyotumia nitrogliserini kutuliza maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo. Dawa ilifanya kazi bila mtu kujua inavyofanya. Mwaka 1977 Ferid Murad akaonyesha kwamba hutoa oksidi ya nitriki. Mwaka 1980 Robert Furchgott aligundua kuwa utando wa ndani wa mishipa hutoa kitu kinachoilegeza, na mwaka 1987 kundi la Salvador Moncada na lile la Louis Ignarro yakakitambua: ni gesi ileile. Tuzo ya Nobel ya 1998 ilikwenda kwa Murad, Furchgott na Ignarro. Moncada aliachwa, na kwa maoni yangu hakutendewa haki.

Gesi hii ni ndogo kiasi kwamba hupenya utando wa seli bila kuhitaji mlango. Ikiingia kwenye misuli ya mshipa hushika madini ya chuma yaliyo ndani ya kimeng'enya kimoja, na mshipa hulegea. Lakini haidumu, baada ya sekunde chache huwa imekwisha. Mwaka 1992 Jonathan Stamler na wenzake walieleza njia ya pili: oksidi ya nitriki hujipachika kwenye salfa ya sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na protini iliyopachikwa hivyo hubadili mwenendo. Sisteini iliyobeba oksidi ya nitriki haipenyi ovyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilidhihirika kuwa hupitia malango yaleyale yanayoingiza asidi amino kama leusini, kama msafiri aliyepanda basi kwa tiketi ya ndugu yake. Glutathioni, molekuli ndogo yenye sisteini ndani yake, ikibeba mzigo huohuo hainunui tiketi hiyo. Sharti kwanza iukabidhi kwa sisteini nje ya seli.

Kwa malaria, jambo hili lina uzito. Mwaka 1991 watafiti wa Australia walionyesha maabara kuwa sisteini na glutathioni zenye mzigo huo huua vimelea vya malaria kwa ukali unaoizidi nitriti, mabaki ya gesi hiyo, mara elfu moja hivi. Mwaka 2000 ikaonekana kuwa oksidi ya nitriki huzima falsipeini, kimeng'enya ambacho kimelea hutumia kumeng'enya himoglobini yetu.

Hata hivyo, awali wengi waliamini kuwa wingi wa gesi hii ndio unaomzimisha mtoto. Ndipo kundi la mtafiti Nicholas Anstey, akiwamo Profesa Esther Mwaikambo, likapima damu na mkojo wa watoto Dar es Salaam. Kazi hiyo ilidai uangalifu, maana gesi hii hupimwa kwa mabaki yake, nitrati na nitriti, na mboga za majani kama mchicha zina nitrati nyingi, hivyo mtoto aliyetoka kula angeharibu kipimo; ilibidi wapimwe wakiwa hawajala. Matokeo ya 1996 yalikwenda kinyume na imani ile: watoto wenye vimelea lakini wasioumwa ndio waliokuwa na oksidi ya nitriki nyingi kuliko wote, na wenye malaria ya ubongo walikuwa na kidogo. Mwaka 2003 uchunguzi mwingine Dar es Salaam ulionyesha kuwa watoto hao walipungukiwa arginini, malighafi ambayo mwili huitengenezea gesi hiyo.

Basi kwa nini tusiwavutishe gesi yenyewe? Uganda ilijaribu, kwa watoto 180 Jinja na 92 Mbarara. Matokeo yalitoka 2015: haikuwasaidia. Mimi naona hapo ndipo habari ya malango inapopata maana, kwani gesi iliyovutwa, isiyobebwa na sisteini, hukutana na himoglobini kwenye mapafu kabla haijafika kwenye ubongo.

Kwa hiyo wodini dawa imebaki atesuneti ya sindano. Utafiti uliochapishwa 2010 kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, Korogwe na Muheza zikiwamo, ulionyesha kuwa ikilinganishwa na kwinini hupunguza vifo kwa asilimia 22.5. Nayo hufanya kazi kwa kujipachika kwenye protini za kimelea, baada ya kuamshwa na chuma cha himoglobini. Lakini Karagwe, iliyo mkoa wa Kagera kama Ngara, vimelea vyenye badiliko la jeni ya Kelch13 vimeonekana vikichelewa kuisha damuni baada ya dawa mseto, yenye dawa ya jamii moja na atesuneti, ingawa bado wagonjwa wengi mno hupona. Kutoka Karagwe hadi Ngara kimelea hakihitaji kibali cha kusafiri.