Tulikotoka na Mwani Wetu

Tumeombwa tuandike historia ya kikundi. Kikundi hiki hakina historia bila mwani, basi tuanzie baharini.

Mwani wa biashara uliingia pwani hii ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, mbegu ikitoka Ufilipino. Walianza wenzetu wa Paje na Jambiani. Wanaume nao walikuwemo. Walipoona bei ni ndogo wengi wakarudi kwenye ngalawa zao. Sisi tukabaki na kamba na vijiti vyetu, bamvua hadi bamvua, mgongo unauma lakini sare za skuli tunanunua wenyewe.

Kotonii ndiyo yenye bei, ila haipendi joto. Kuanzia miaka ya 2000 maji ya kina kifupi yakazidi kupata moto, mwani ukapauka na kukatika. Tukabaki na spinosumu, inayovumilia zaidi lakini bei yake, mh, mnaijua. Na kamba tulikuwa tunakopeshwa na mnunuzi, kwa hiyo tukimuuzia yeye tu, kwa bei aitakayo.

Ndiyo maana miaka kumi iliyopita tukaanza kuweka na kukopeshana: sanduku la chuma, funguo tatu, watu watatu.

Mwaka wa tatu tulikosea, na tuseme. Tulikopesha karibu sanduku zima kwa mbegu ya kotonii, kaskazi iko mlangoni. Ikafa yote. Mwenzetu mmoja aliyekopa zaidi akaacha vikao, akawa anapita njia ya nyuma asituone. Wapo waliotaka achukuliwe kitanda. Majina hatuandiki, wanajijua. Tulikwenda kwake watano, usiku, tukamwambia shauri la kukopa lilikuwa letu sote. Alilipa kidogo kidogo miezi kumi na minne, akamaliza. Leo yeye ndiye anayeshika ufunguo wa pili.

Tangu hapo robo ya sanduku haiguswi, na wakati wa kaskazi hakuna mkopo wa kotonii. Mwani mwingine tunausaga wenyewe tukatia kwenye sabuni. Mche mmoja mmoja unatupa faida kuliko gunia.

Sasa tunataka kupanda kotonii maji ya kina, penye ubaridi, kwa nyavu za mirija. Boti tutakodi. Shida ni kwamba wengi wetu hatujui kuogelea, tumezeeka pwani tukiishia magotini. Sita wameshaanza kujifunza, na mwenyekiti wenu ni mmoja wao, bado anashikilia dumu.