Mtoto wa Nyeri kati ya Mskoti na Mwitaliano

Papa Francis alipomtangaza Giuseppe Allamano wa Torino kuwa mtakatifu, tarehe 20 Oktoba 2024, Wakatoliki wa Nyeri walifurahi kama ndugu wa bwana harusi. Wana haki. Mapadre wake wa Konsolata walifika Tuthu kwa Chifu Karuri mwaka 1902, kisha wakapanda hadi Nyeri. Waskoti wa Kipresbiteri nao wakafungua misheni Tumutumu mwaka 1908. Chaka, hapa hapa Nyeri, ilimezwa na mashamba ya walowezi, ambao hawakuwa na haja ya kumsomesha mtoto wa kibarua.

Malezi yalitofautiana kama makwao. Uskoti ilikuwa imehubiriwa tangu siku za John Knox kwamba kila parokia iwe na shule, ili kila mtu ajisomee Biblia. Italia, ilipoungana mwaka 1861, watu watatu katika kila wanne hawakujua kusoma. Allamano mwenyewe alisomea kwa Don Bosco, aliyewafunza vijana maskini sala pamoja na ufundi. Basi Tumutumu kitabu kilitangulia. Mathari, kwenye misheni ya Konsolata, kulikuwa na katekisimu na shamba la kahawa, ingawa haohao Waitaliano walianza kuchapa gazeti la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu, mwaka 1916.

Halafu ikaja kirore. Mwaka 1929 Dkt. John Arthur wa misheni ya Thogoto aliwataka waumini wa misheni za Waskoti watie sahihi au kidole gumba kukana tohara ya wasichana, na pamoja nayo chama cha siasa cha KCA. Tohara ile ilikuwa na madhara, na Waskoti hawakukosea kuyaona. Lakini kuibana na siasa katika karatasi moja, na kuufanya mlango wa darasa uwe rungu, ulikuwa ubabe mtupu. Wazazi waliwaondoa watoto. Vijana wakacheza ngoma ya muthirigu, wakiwakejeli wamishenari na machifu hadharani, mpaka serikali ikaipiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Waitaliano hawakudai kiapo, na wapo waliohamia kwao. Wengine walichanga mbao, mabati na nguvu zao wakajijengea shule. Mwaka 1934 wakaunda chama cha shule hizo za kujitegemea, KISA, ambacho rais wake alikuwa Johana Kunyiha, mtu wa Nyeri hii hii.

Wangari Maathai alizionja Ulaya zote mbili. Alianzia shule ya Kipresbiteri ya Ihithe, kisha akiwa na miaka kumi na moja akapelekwa bweni la St. Cecilia's, Mathari, kwa masista Waitaliano. Katika kumbukumbu zake anaeleza kibandiko cha aibu alichovishwa mwanafunzi aliyenaswa akisema Kikuyu badala ya Kiingereza. Masista wenyewe, tukumbuke, walizaliwa wakisema Kiitaliano.

Serikali ya kikoloni ilizifunga shule za kujitegemea baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Baada ya uhuru dola ilizitwaa shule za misheni, makanisa yakabaki wafadhili. Siku hizi mzazi wa Chaka hubishana na mwenzake kama binti aende kwa masista au Tumutumu. Watakatifu wana sikukuu na Waskoti wana majengo, lakini Kunyiha na wenzake hawana hata mstari katika hotuba za siku ya wazazi. Ni aibu yetu, maana wao hawakuletwa na meli.