Paka akijilamba hadi manyoya yanatoka

Ukifuga paka ili panya wasimalize mahindi na maharage ya mgao, unajua hasara ya kumpoteza. Kila paka hujilamba sana, na huo si ugonjwa. Shida ni pale anaporudia sehemu moja tu, tumboni, mapajani au mgongoni karibu na mkia, mpaka ngozi inaonekana. Pitisha kidole hapo. Vinyoya vikichoma kama ndevu zilizonyolewa jana, anavikata mwenyewe kwa ulimi wake wenye miiba midogo. Kuna kitu kinamwasha au kinamuuma.

Mara nyingi ni viroboto, hata kama huwaoni, kwa sababu huwameza anapojilamba. Mchane juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Punje nyeusi zikianguka na kuacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, chenye damu ya paka wako. Mchane kila siku kwa kitana chenye meno yaliyobanana, na kila mara kitumbukize kwenye maji ya sabuni. Lakini kumshughulikia paka peke yake hakutoshi. Mayai huanguka anapolala, na viroboto wachanga hukulia kwenye matandiko na nyufa za sakafu ya udongo. Fua matandiko kwa maji ya moto, yaanike juani, na fagia hadi kwenye kona, kwa wiki kadhaa.

Tafadhali usimpake dawa ya kupe ya ng'ombe au mbuzi, wala dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina pemethrini au amitrazi, ambazo ni sumu kwa paka: anaweza kutetemeka, kupata degedege na kufa. Mafuta ya taa humuunguza ngozi, kisha huyalamba. Panadol nayo, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua. Kama umeshampaka dawa, mwoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, kisha mtafute afisa mifugo.

Mabaka ya mviringo yenye magamba, usoni, masikioni au miguuni, huenda ni choa. Huambukiza watu, na watoto wanaolala na paka ndio huanza kupata mabaka kichwani au mikononi. Mtenge paka, nawa mikono kila unapomshika, na mpeleke mtoto kituo cha afya. Hakuna haja ya kumtupa paka; choa hutibika kwa wote wawili.

Akikung'ata au kukukwaruza unapomchana, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia huambukiza.

Na paka dume anayejilamba chini ya mkia huku akijikamua bila mkojo kutoka, huyo si wa kusubiri kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo.